Kila Kazi Ilikuwa Imeshachukuliwa

Rahma mwanangu,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, na pale uwanja wa ndege wa Dulles nitalia kama mama wengine wanavyolia, kwa hiyo hayo tuyaache. Habari za koti, dawa ya mafua na plagi za umeme za huko umeshaniambia nisikusumbue nazo, nami sikusumbui. Barua hii naianza na ugomvi, kwa sababu mimi na wewe ndivyo tulivyozoeana, na kwa sababu ugomvi wenyewe tumekaa nao ndani ya nyumba hii miaka yote bila kuutaja.

Umetoka kwenda Greenbelt kumuaga Mjomba Kurtis. Uliniuliza kama nitakuja nikasema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Ni wivu tu. Baridi iliyopita gari lilikuzimikia kwenye barabara kuu ya mzunguko, theluji inaanguka, ukampigia yeye. Mimi nilikuwa hapa hapa Takoma Park, nimekaa jikoni, simu iko mbele yangu na chaji imejaa. Nilikuja kujua ulipoingia mlangoni umelowa chapachapa na yeye nyuma yako amekushikia mkoba. Nikakuuliza kwa nini hukunipigia mimi. Ukasema, "I didn't want to bother you, Mama." Muongo wee. Hukunipigia kwa sababu uliwahi kunipigia siku moja ukiwa na shida kubwa kuliko hiyo, nami sikukuamini.

Nataka ukiwa huko Uskoti, likikufika jambo, unipigie mimi. Hilo tu. Sina hakika kama bado nina haki ya kulitaka, na kwa hiyo naandika badala ya kusema, maana nikisema utanijibu kwa Kiingereza kifupi na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Unakwenda kusomea kitu kile kile nilichosomea mimi. Wenzako hapa wanaamini unakwenda kusoma kompyuta, na mimi huwaachia waamini hivyo, maana nikianza kueleza wanaangalia saa. Bibi yako ndiye pekee niliyewahi kumwelezea akaelewa. Nilimwambia: Mama, unakumbuka choo chetu cha Majengo? Nyumba ya kupanga, vyumba pande mbili, wapangaji chungu nzima na choo kimoja. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari ukutani. Ukiukuta msumarini, unachukua unaingia. Usipoukuta, kuna mtu ndani, subiri. Sasa mimi kazi yangu ni kuthibitisha kwa hesabu kwamba kwa kanuni hiyo hakuna watu wawili watakaokutana chooni, na kwamba kila anayesubiri zamu yake itafika. Bibi yako akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema, "Serikali ya Marekani inakusomesha hilo?"

Lakini ndilo lenyewe. Kompyuta moja ina kazi nyingi ndani yake zinazokwenda kwa pamoja, na zote zinataka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nililipenda somo hili kwa sababu lilikuwa safi. Mimi nilikulia kwenye zogo, watu wanagombea maji, wanagombea kamba ya kuanikia nguo, na hapa nikakuta mahali ambapo unaweza kuandika mistari michache na kusema: hakutakuwa na ugomvi, na haya ndiyo maelezo kwa nini. Nilipoandika uthibitisho wangu wa kwanza niliutembeza kama mtoto mchanga, kila mtu aushike.

Halafu nikapata kazi ofisini, na huko nikakuta watu ambao hawakuwa na haja nao. Programu ikikwama, meneja anasema izimwe iwashwe. Ikikwama tena, anaingiza mstari wa kuiambia isubiri kidogo kabla ya kuendelea, na kweli inaacha kukwama, naye anakwenda kula chakula cha mchana. Nikimuuliza kwa nini sasa inafanya kazi, ananitazama kama nimemtukana. Miezi inapita, siku moja mzigo unazidi, kila kitu kinasimama, na mimi ndiye ninayeitwa. Niliwadharau watu wale, Rahma. Wewe ulikuwa mdogo ukinisikia nikirudi nyumbani na kuwasema mezani, baba yako akinisikiliza huku akichambua mchele. Nilikuwa nimegawa dunia mafungu mawili, wanaojua kwa nini na wanaobahatisha, na nilijua niko fungu gani.

Kurtis ndiye peke yake niliyemheshimu pale. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu zetu mpaka zivunjike, na alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni miaka hiyo Wamarekani weusi wengi walipokuwa wanakitafuta, kwa hiyo kila asubuhi ananisimamia mezani na Kiswahili chake cha kitabuni: "Je, dada Zuhura, umeamka salama? Nami pia nimeamka salama." Alikuwa anajijibu mwenyewe kwa sababu mimi nilichelewa kuacha kucheka.

Sasa nije kwenye makaburi mawili. Ulikuwa mtoto, labda unakumbuka pilau tu. Mzee mmoja wa Lamu alifariki Hyattsville, na baba yako, kama kawaida yake, akatoka nje kukaa ngazini na simu, akaanza kuwapigia watu. Unakumbuka alivyokuwa anapiga simu za tanzia. Hakumgawia mtu kazi. Alikuwa anataja jina la marehemu, anasema innalillahi, kisha anasema, "Njooni," na kukata ili ampigie mwingine. Basi watu wakaja. Masufuria ya pilau hayakupata pa kuwekwa. Sanda zilinunuliwa na watu watatu tofauti. Wanaume waliojitokeza kumuosha walikuwa wengi hata wakasukumana mlangoni, wa Pemba wakisema sisi ndio jamaa zake na wa Lamu wakisema sisi ndio tuliozaliwa naye. Na mwisho tulipofika makaburini tukakuta yamechimbwa makaburi mawili, kila kundi limeagiza lake. Bibi mmoja akasema kaburi likiachwa wazi humwita mwenyewe, wanawake wakaanza kutazamana, na ikabidi shimo la pili lifukiwe mbele yetu ndipo watu wakubali kuondoka.

Njia nzima nikirudi nilikuwa nachemka. Nikamwambia baba yako, huu ni ushenzi, hili ni tatizo ambalo hesabu ilikwisha kulitatua zamani. Yeye akasema, "Penye wengi hapaharibiki neno." Nikamjibu, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Tukarushiana methali mpaka nyumbani, wewe umelala kiti cha nyuma.

Nikaandika programu ya simu. Mtu akifa, kazi zote zinatokea kwenye kioo: kuosha, sanda, kaburi, kukaa na mfiwa, chakula. Ukibonyeza kazi inakuwa yako, inageuka kijani kwa kila mtu, na hakuna mwingine anayeweza kuichukua. Hata watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, mmoja tu ndiye atakayeipata. Anayechukua kuosha ndiye kiongozi. Akifika, anabonyeza kwamba amefika, na hapo wasaidizi wake na wengine wote wanaambiwa waende wapi. Nikaifanyia uthibitisho. Kazi yoyote haitashikwa na watu wawili, na kila kazi itafika mwisho wake. Ilikuwa kazi nzuri. Nakwambia hivyo leo pia, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Nilijivunia hata upande wake wa dini. Madrasa tulifundishwa kwamba kumuosha maiti, kumsalia na kumzika ni faradhi kifaya: wakiifanya baadhi ya watu, wengine wote wameokoka nayo. Nikasema, tazama, wanazuoni walikuwa wanajua! Mmoja akishika, wengine walale. Lakini kanuni ile ina nusu ya pili, na mwalimu wetu alikuwa anaipigia fimbo mezani: asipoifanya yeyote, wote wana dhambi. Mji mzima. Mimi nusu hiyo niliiona ni kitisho cha walimu. Sikuona kwamba ndiyo iliyokuwa inamwamsha kila mtu kitandani akajionee mwenyewe kama maiti ameoshwa.

Baba yako alikuwa wa kwanza kuiweka programu kwenye simu yake. Akawapitia watu msikitini mmoja mmoja akiwaonyesha pa kubonyeza. Akaacha kutoka ngazini na simu. Nami niliona nimempumzisha.

Nakuja kwenye siku yenyewe, na najua hapa utataka kuiweka barua chini. Usiiweke.

Nilikuwa Mombasa nikimuuguza bibi yako aliyevunjika nyonga. Wewe ulikuwa sekondari, mwaka wa mwisho. Baba yako alianguka kazini, jikoni kwenye ile hoteli, na kabla hujafika hospitali alikuwa amekwisha. Hospitali ikamkabidhi kwa jumba la kuandalia maiti kule upande wa Upper Marlboro, lile lenye chumba tunachopewa Waislamu kuoshea. Gari likamchukua, nawe ukapanda nalo, kwa sababu ulisema hutamwacha peke yake. Wakamlaza chumba cha ndani. Wewe ukakaa kwenye kiti kwenye ujia.

Mimi nilikuwa nimeshika simu chumbani kwa bibi yako, nalia, na ninaiangalia programu yangu. Kazi ya kuosha ikageuka kijani: Bwana Shebe. Unamjua Bwana Shebe, kwenye orodha ya watu wema wa mji huu yumo. Sanda ikageuka kijani, kaburi likageuka kijani, na kukaa na mfiwa kukageuka kijani, Mama Biubwa. Chakula pia. Moyo ukatulia. Namkumbuka bibi yako aliniuliza, "Mtoto yuko na nani?" Nikamwambia, yuko na watu, Mama, kila kazi imeshachukuliwa.

Ukapiga. Ukasema, "Mama, hakuna mtu."

Nikasema, "Haiwezekani."

Ningeweza kusema neno lolote. Nina lugha mbili na nusu. Mtoto wangu kakaa mlangoni pa maiti ya baba yake, ananiambia anachokiona kwa macho yake, nami ninamjibu kutoka kwenye hesabu. Nikakwambia watu wako njiani, vumilia. Ukapiga tena. Ukasema, "Mama, there's nobody here. The man is asking me who's coming. Wanafunga jioni." Nikakwambia kazi zote ni kijani, ninaziona hapa. Ukasema kwako pia ni kijani. Nikakwambia, na haya maneno nayasikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo, nikakwambia, "Hebu ifunge halafu uifungue tena."

Kama yule meneja wangu. Zima, washa.

Hukunipigia tena. Nami, Mungu anisamehe, niliona kimya chako ni dalili kwamba watu wamefika.

Bwana Shebe alikuwa amebonyeza kwa moyo safi. Alikuwa kazini kwenye ghala ambalo simu zinaachwa kabatini mlangoni, akajua anatoka adhuhuri, akabonyeza akaingia. Zamu ikaongezwa. Hakuwa na njia ya kusema. Na wengine wote walikuwa wanafanya nilichowafundisha. Mama Biubwa alikuwa amekaa sebuleni kwake na buibui lake mwilini na mkoba mapajani, anasubiri simu imwambie aende wapi. Wanaume walikuwa na nguo zao za kuoshea kwenye mifuko. Hakuna aliyelala wala aliyepuuza. Mji mzima ulikuwa tayari, umevaa, unasubiri. Mtu alikuwa amechukua ufunguo wa choo kwenye msumari, na watu wenye adabu hawagongi mlango.

Ukampigia Kurtis, ambaye hakuwa na programu, kwa kuwa si Muislamu na hakuna aliyefikiria kumpa. Akaja akakaa nawe. Kisha alipoona saa zinakwenda akakuuliza msikiti wa karibu uko wapi, akaendesha mpaka huko, akawakuta wanatoka kusali alasiri. Akasimama penye viatu na Kiswahili chake cha kitabuni. Mama Biubwa alinisimulia, naye aliambiwa na mumewe. Akasema, "Ndugu zangu, binti yake Salim ameketi peke yake pamoja na maiti ya baba yake. Tafadhali, njooni."

Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa la baba yako. Wakaja, wakajaa ujia mzima. Lakini yule wa jumba alikuwa anafunga, na baba yako, aliyekuwa hapendi hata wali ulale, akalala bila kuoshwa mpaka asubuhi. Mimi mkewe nilikuwa na haki ya kumuosha kwa mikono yangu, nikafika ameshazikwa.

Nikakaa eda. Mwanamke wa eda hana pa kwenda, basi nikawa navaa nyeupe, nakaa chumbani na uthibitisho wangu, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa. Nililitaka lile kosa kama mgonjwa anavyotaka jina la ugonjwa wake. Sikuliona. Uthibitisho ulikuwa sawasawa. Kazi ya kuosha haikushikwa na watu wawili. Na kila kazi itafika mwisho wake, ndiyo, niliandika hivyo, na mwanzoni kabisa, kwenye mistari ambayo mtu huiandika haraka ili afike kwenye utamu, nilikuwa nimeandika: tuseme kila aliyeshika kazi ataimaliza. Vitabu vyote vinasema hivyo. Anayeingia chooni hutoka. Bila hilo huwezi hata kuanza.

Wala usidhani nadharia ilinificha kitu. Ingekuwa nafuu kwangu. Nilikuwa nafundisha jioni kwenye kile chuo cha wilaya, na kila muhula nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaambia kwamba mahali ambapo ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna hesabu itakayokutofautishia aliyechelewa na aliyekufa. Niliwaandikia ubaoni. Niliwapa mtihani wa jambo hilo. Nikarudi nyumbani nikawaandikia watu wangu programu ya mazishi kana kwamba jambo hilo linawahusu wanafunzi tu.

Bwana Shebe alikuja wakati wa eda, akasimama nje ya mlango na mkewe, kofia mkononi. Alitaka radhi. Unajua nilimwambia nini kutoka ndani? Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyevunja sharti." Akasema, "Bi Zuhura, sharti hilo sikulijua. Mimi nilibonyeza tu kwa sababu Salim alikuwa ndugu yangu." Wakaondoka, wakahamia Ohio mwaka ule ule. Wewe ulikuwa umesimama jikoni ukinisikia. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyokutoa kwangu zaidi kuliko ile ya kwanza.

Miezi mingi nilisema programu haikukosea. Nilisema kwa wageni, nilisema kwa simu, na wewe uliniambia kwa utaratibu, "Okay, Mama." Ilikuwa kweli, na nikaitumia ile kweli kama mtu anavyotumia ukuta.

Vijana wa msikiti wameirekebisha sasa. Mtu akishika kazi akakaa kimya, kazi inarudi kwa wengine. Basi mara nyingine yule wa kwanza anatokea naye, wanakutana waoshaji wawili mlangoni, kila mmoja anadhani zamu ni yake. Uthibitisho wangu umekufa, haupo tena. Juzi kwenye matanga ya Silver Spring nilihesabu masufuria ya pilau nikaacha. Nilikaa kwenye kona nikala, na pilau lilikuwa limeungua chini, na nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani kwa kuwa walikuwa wamekuja.

Uliponiambia unakwenda kusoma nini, nilidhani unanikomoa. Nikakuuliza kwa ukali, masomo yote yamekwisha duniani? Ukafungua kompyuta yako ukanionyesha uthibitisho wangu, ule wa programu, umeuandika upya wote kwa zile alama za siku hizi ambazo mashine yenyewe inazikagua. Ukasema, "I checked it. It's correct." Nikangoja useme lingine. Ukasema kwa Kiswahili, ambacho hunisemeshi mara nyingi, "Hauna kosa, Mama. Na mimi nilikuwepo pale. Nataka kujua inakuwaje."

Nikaenda kuosha vyombo. Jibu langu ni hili, na ni fupi, na huenda profesa wako wa huko akalicheka. Sijui inakuwaje. Najua kwamba nadharia haikunidanganya na wale wabahatishaji wa ofisini hawakuwa sahihi. Meneja wangu hakujua kwa nini kitu kinafanya kazi, na mimi nilijua kwa nini kinafanya kazi hata siku ambayo hakikufanya. Kama ungenilazimisha nichague, bado ningechagua kujua. Lakini ile mistari ya mwanzo, ile ya tuseme hiki na tuseme kile, isome polepole. Mimi niliipita mbio, na Bwana Shebe alikuwa anaishi mle, na wewe pia ulikuwa mle kwenye kiti chako. Na siku mtu atakapokuambia ameona kitu ambacho hesabu yako inasema hakiwezi kuonekana, hesabu itakungoja, haiendi popote. Nenda kwanza ukaone.

Umewahi kuniuliza ningefanya nini tofauti, na nikakupa jibu la kihandisi, kazi irudishwe baada ya muda, viongozi wawe wawili. Nilikuwa nakukimbia. Kuna faradhi nyingine pia tulifundishwa, aini, ile ya kila mtu na kichwa chake, ambayo hata dunia nzima ikikufanyia bado uko nayo shingoni. Kumuosha baba yako ilikuwa ya mji. Kukuamini ilikuwa yangu mimi, na hakuna aliyeweza kunichukulia. Kurtis aliichukua kwa sababu aliikuta chini imeanguka. Simlaumu. Ukimpigia, mpe salamu zangu. Mwambie ile siku ya theluji sikumshukuru kwa sababu nina roho mbaya.

Sikuombi unisamehe. Nilishaliona neno hilo likitumika, mtu analiomba ili alale. Na sijidanganyi kwamba barua itafanya kazi ambayo miaka haikufanya. Huenda ukafika huko, ukaugua, au ukafukuzwa nyumba, au ukakaa tu kwenye ujia fulani wa baridi huna mtu, ukaishika simu, na kidole chako kikaenda penye jina la Kurtis kwa mazoea. Nitaelewa. Nitaumia, na nitaelewa.

Lakini jina langu nalo limo humo. Ukinipigia, usinieleze kwanza kama nilivyokuzoesha, usinihesabie ushahidi. Sema tu vile vile ulivyosema siku ile, "Mama, hakuna mtu." Sitakuuliza umeangalia vizuri. Nitakuuliza uko wapi, na utanisikia navaa viatu.

Mama yako,
Zuhura